Mikono Miwili ya Kushoto

Siku bodi arobaini zilipofika kutoka kiwandani na kukataa kuwaka, hakuna aliyeuliza ni nani aliyezigusa mara ya mwisho. Waliuliza tu ile alama ya pembeni ni ya nani. Na hilo nalo waliuliza kwa kujitia hamnazo, maana karakana nzima ilijua ni ya Sindano.

Sindano halikuwa jina lake la kuzaliwa. Ni la kazini. Pale karakanani, ghorofa ya kwanza juu ya duka la rangi, kila anayechora bodi ya kielektroniki huacha alama yake kwenye pembe ya chini, imechorwa kwa shaba ileile inayopitisha umeme. Mmoja huweka nyota, mwingine samaki. Yeye aliweka sindano yenye uzi, fupi kuliko punje ya mchele, kwa sababu mama yake alikuwa fundi cherehani na ndiye aliyemlea kwa sindano hiyo. Jina likamganda, hata mlinzi wa getini hakulijua lingine.

Chuo hakukanyaga. Alianza kwa kutengeneza redio kwenye meza ya mbao mbele ya nyumba yao, akaingia kwenye televisheni, kisha simu, kisha akajifundisha kuchora bodi kwa vitabu vya kuazima ambavyo kurasa zake nusu zilikuwa zimechanika. Miaka kumi na minane. Bodi zake zilikuwa ndani ya mizani, ndani ya pampu za maji, ndani ya taa za barabarani, na hakuna hata moja iliyorudishwa. Wenzake walitundika vyeti ukutani. Yeye cheti chake kilikuwa ile sindano ya shaba, basi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Daktari mmoja wa macho, mwanamke asiyependa maneno mengi, alitaka mashine ya kupiga picha ya ndani ya jicho, ndogo, ya kubebwa kwapani mpaka vituo vya mbali. Mashine kama hiyo inahitaji akili, na akili hununuliwa ikiwa tayari: kompyuta nzima kwenye kibao kisichozidi kiberiti. Lakini kibao hicho hakina mdomo wala mikono. Hakina pa kuchomeka umeme, hakina pa kuunganisha kamera wala skrini. Tumboni kina soketi mbili nyembamba zenye miguu mia moja kila moja, na ndiyo yote. Lazima mtu akae achore bodi nyingine ya kukibeba, ya kukilisha umeme na kukiletea picha. Karakanani kile kibao walikiita ubongo, na bodi ya kukibeba wakaiita mbeleko. Na mbeleko ikifungwa vibaya, mtoto huanguka hata awe mzuri namna gani.

Sindano aliichora mbeleko ile kwa miezi minne. Njia za shaba za kupitisha picha huenda mbilimbili, pacha, na pacha hao lazima walingane urefu kabisa, la sivyo picha inafika imechanikachanika. Alizipinda kwa mkono wake moja baada ya nyingine, akizipima na kuzirudia, mpaka mama yake akamuuliza, "Wewe mtoto, hizo barabara unazochora kila siku zinakwenda wapi?"

"Zinakwenda jichoni, mama."

"Basi pitishia moja kwangu," akasema mama. Macho yake yalikuwa yameshafunikwa na mtoto wa jicho, yote mawili, na alikuwa akishona kwa kupapasa.

Kazi ilipokamilika, Jumapili asubuhi, Sindano alifanya jambo alilofanya kwa kila bodi. Aliichapisha mbeleko kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, akaitandaza juu ya meza ya mama yake, akaomba sindano. Akatoboa pale ulipo mguu wa kwanza wa kila soketi, na pale umeme unapoingilia. Kisha akachukua ubongo, akaulaza kifudifudi juu ya karatasi, kama utakavyolala siku ya siku, akahakikisha kila mguu unaangukia tundu lake.

Kifudifudi, tafadhali ushike neno hilo. Kwenye kitabu cha mtengenezaji, ubongo umechorwa chali, tumbo juu, ili soketi zionekane. Ukisimama uso kwa uso na mtu, mkono wake wa kulia uko upande wako wa kushoto. Sasa atakayenakili mchoro ule kama ulivyo, bila kukumbuka kwamba kitu chenyewe kitageuzwa, ataweka kila kitu kinyume. Kila mchora mbeleko anaujua mtego huo, na Sindano alikuwa akiukwepa tangu wengine wakiwa shule ya msingi.

Siku iliyofuata mama alikuwa na zamu ya kupasuliwa macho. Sindano akaomba siku nne. Kabla ya kuondoka alimwambia bosi, "Faili liko tayari kwenye kompyuta yangu. Litumeni kiwandani kama lilivyo. Msiguse kitu."

"Nani aguse, dada yangu?" akasema bosi.

Bosi huyu walimwita Mzee wa Slaidi, kwa kuwa hakuweza hata kuagiza chai bila kuonyesha picha ukutani. Sindano alimwamini. Akaenda kukaa kwenye benchi la hospitali siku nne, akimshika mama mkono, na moyo wake ulikuwa mweupe.

Wiki tano baadaye bodi zikaja, arobaini, kijani, zinang'aa. Ubongo ukakaa juu ya mbeleko ya kwanza vizuri kabisa, bila kulazimishwa. Wakawasha. Kukatoka harufu ya kuungua na ubongo ukafa. Wakadhani ni bahati mbaya, wakajaribu ya pili, ukafa. Wa tatu ulipokufa Sindano akasema waache. Aliipeleka bodi dirishani akaitazama. Soketi zilikuwa kinyume. Zile njia pacha zake za miezi minne hazikuwepo, badala yake kulikuwa na njia zilizochorwa na kompyuta yenyewe, zimesokotana ovyo. Kitu kimoja tu kilikuwa chake, nacho ni ile sindano pembeni.

Akafungua faili. Lilibadilishwa siku ya pili ya zile siku nne, kwenye kompyuta yake, kwa jina lake.

"Siku hiyo nilikuwa hospitali na mama," akamwambia bosi.

"Faili linasema ni wewe."

"Faili linasema kompyuta yangu. Mimi sikuwepo."

Mzee wa Slaidi akakunja mikono kifuani. "Dada, hapa hatutafuti mchawi."

Hebu fikiria. Mtu anakwambia hatafuti mchawi, na mkononi ana karatasi yenye jina lako. Ilikuwa fomu ya kukubali kosa. Ilisema kwamba msanifu aligeuza soketi kwa kutoelewa mchoro wa mtengenezaji, kwamba tangu sasa atafanya kazi ya kuchomelea tu, na hataweka alama kwenye bodi yoyote mpaka apate mafunzo rasmi. Kesho yake saa nne daktari atakuja, na Sindano atatia sahihi mbele yake, ili mteja awe na imani.

Mafunzo rasmi, mwanamke wa miaka arobaini na sita, aliyewafundisha nusu ya waliokuwa wakimtazama pale. Na hao waliokuwa wakimtazama, ghafla kila mmoja akawa na nati ya kukaza. Aliyeinamisha kichwa kuliko wote alikuwa Shemeji. Huyu ni kaka wa mke wa bosi, mtu mzima mwenye miwani na shahada mbili, aliyejiunga nao miezi sita nyuma, na kwa vile bosi alimwita shemeji basi wote wakamwita hivyo. Siku hiyo alikuwa akivitazama viatu vyake kana kwamba ameviazima.

Sindano alifika nyumbani amefura. Mama alikuwa mezani na miwani yake mipya nyeusi, anakata kitambaa. Sindano akamwaga yote: mbeleko, harufu ya kuungua, fomu. Alieleza jinsi ubongo ulivyokaa vizuri na bado ukafa, kwa sababu kila mguu ulipokea kisicho chake.

Mama akacheka, na Sindano alikasirika zaidi.

"Usinune," mama akasema. "Hilo ni kosa la wanafunzi wa cherehani. Umekunja kitambaa vibaya, unakata mikono ya shati, kumbe yote miwili ni ya kushoto. Na unaishona, inaingia begani bila tabu, tundu ni lilelile. Mpaka mwenye shati avae ndipo unamwona kajipinda. Huyo mtu wenu kakata mikono miwili ya kushoto."

"Si mimi, mama."

"Nani kasema ni wewe? Ile karatasi yako uliyoitoboa iko wapi?"

"Mama, karatasi zile nikimaliza nazitupa."

"Wewe unatupa. Mimi ni fundi. Karatasi ya kukatia haitupwi mpaka nguo ivaliwe." Akapapasa chini ya meza kwa mazoea, ingawa siku hizi aliona, akatoa fungu la karatasi za kukatia kola na mifuko ya suruali. Katikati yao ilikuwamo mbeleko, imekunjwa mara nne, ina vumbi la chaki ya bluu.

Kesho yake saa nne walikaa kwenye chumba cha mikutano: Mzee wa Slaidi, daktari, Shemeji, na Sindano mwisho wa meza karibu na mlango, alikowekewa kiti. Slaidi zikaanza. Ya kwanza nembo ya kampuni, ya pili nembo tena, ya tatu bodi iliyoungua. Ya nne ilikuwa alama yake. Ile sindano ndogo kuliko punje ya mchele ilisimama ukutani, kubwa kuliko mlango, imezungushiwa duara jekundu.

"Kama unavyoona, daktari, chanzo tumekijua," akasema Mzee wa Slaidi. "Na mwenzetu mwenyewe yuko hapa, amekubali, atasema machache."

"Sijakubali," akasema Sindano.

Akainuka, akaenda mpaka mbele ya daktari, akaitandaza karatasi. Akatoa ubongo mmoja katika wale waliokufa, akaulaza kifudifudi. "Huu ndio mguu wa kwanza, daktari. Tundu lake hili. Umeme unaingilia hapa, na kwenye karatasi ni hapa. Sasa tazama bodi iliyokuja." Akaiweka kando. "Hapa umeme unaingilia upande wa pili. Karatasi niliichapisha Jumapili. Jumatatu niliondoka. Aliyegeuza aligeuza baada yangu."

Daktari aliinama, akatazama kimoja, akatazama kingine. Alikuwa mtu wa kutazama kwa kazi.

"Karatasi ni karatasi," akasema Mzee wa Slaidi, akitabasamu. "Hata leo asubuhi mtu anaweza kuchapisha na kuandika tarehe anayotaka. Dada, usijitese. Sisi ni timu moja. Wewe mkubwa, beba hili, tusonge mbele."

Sindano aliitazama karatasi yake. Kweli, angejibu nini? Tarehe huandikwa. Chaki ya bluu si ushahidi. Fomu ilikuwa pale mezani na kalamu imelazwa juu yake, na miaka kumi na minane yote ilikuwa imesimama nyuma ya kalamu ile. Alimtazama yule mtu akitabasamu na akajua kwamba kama hatatia sahihi, watamtilia.

"Hiyo ndiyo niliyoikuta."

Aliyesema ni Shemeji. Alikuwa amevua miwani na kuishika mkononi.

"Shemeji," akasema bosi polepole.

"Hiyo ya kwenye karatasi ndiyo niliyoikuta kwenye kompyuta. Uliniambia niipitie kabla ya kutuma. Nikafungua kitabu cha mtengenezaji, nikaona yake iko kinyume na kitabu." Akamgeukia Sindano, lakini macho hayakufika. "Nikasema moyoni, huyu hakusoma, lazima amekosea. Sikukupigia hata simu kuuliza. Nikageuza, nikaiamuru kompyuta ichore njia upya, nikatuma."

"Na alama yangu ukaiacha," akasema Sindano.

"Niliiacha."

"Na jana ulikuwa unatazama viatu."

"Nilimwambia bosi siku ileile ubongo wa kwanza ulipoungua," akasema Shemeji. "Akasema ninyamaze. Akasema mimi ndiyo kwanza naanza kazi hapa, wewe umezoea."

Umezoea. Kati ya yote yaliyosemwa mle chumbani, hilo ndilo lililomchoma. Angetukanwa angestahimili, lakini kuambiwa kwamba amezoea? Nani anazoea kupakwa matope? Au kwa kuwa mtu amekaa miaka mingi bila kulalamika ndipo inadhaniwa mgongo wake ni wa kuwekea mizigo ya wengine?

Mzee wa Slaidi alizima picha ya ukutani. "Basi, limeeleweka. Ni mambo yetu ya ndani haya, daktari hana haja nayo."

"Ya ndani mlishaniletea," akasema daktari. Akafungua mkoba wake, akatoa barua, akaisoma bila kupandisha sauti: "'Kosa lilifanywa na Sindano, fundi asiye na mafunzo rasmi. Fundi huyo ameshaondolewa kwenye kazi ya usanifu.' Hii niliipata juzi."

Juzi. Yaani fomu ile waliyomlazia kalamu jana na leo ilikuwa mapambo tu. Walikuwa wameshamzika, walichotaka ni ajifukie mwenyewe udongo.

Hapo Sindano alisema, na alisema bila kupaza sauti, ndiyo maana kila mtu alisikia. "Bosi, mimi sijasoma, ni kweli. Lakini mimi nikichora kitu naweka alama ili kikiharibika nijulikane. Wewe barua hii umeiandika halafu umeweka jina langu. Sasa utaandika nyingine. Hapahapa."

"Wiki ijayo tutaandaa..."

"Nina nafasi," akasema daktari. "Nitasubiri."

Bosi akaandika. Mara ya kwanza aliandika kwamba kulitokea kutoelewana. Sindano akasoma, akairudisha. "Hakukutokea kitu. Mtu alifanya." Mara ya pili aliandika kwamba bodi ilirekebishwa kimakosa. "Na nani?" akauliza Sindano, akairudisha. Mara ya tatu ilisema kwamba mchoro wa fundi ulikuwa sahihi, kwamba uligeuzwa bila yeye kuulizwa, na kwamba uongozi ulijua. Shemeji alitia sahihi wa kwanza, bosi wa mwisho. Daktari akaikunja, akaiweka mkobani, na ile ya juzi akamwachia Sindano. Sindano akaichana vipande vinne na kuvitia mfukoni, hakutaka hata takataka yake ibaki pale.

Hukudhani hasira ingeishia hapo, au sivyo? Alikwenda stoo, akalibeba boksi la mbeleko arobaini mpaka mezani kwake, akachukua kisu chembamba, akaanza kukwangua. Moja baada ya nyingine alikwangua sindano ya shaba mpaka ikabaki plastiki tupu.

Mzee wa Slaidi akapita. "Hizo si taka tu? Zinatupwa kesho."

"Zitupwe bila mimi."

Baada ya kama nusu saa Shemeji akavuta kiti, akachukua kisu cha pili. Hakuomba ruhusa, wala Sindano hakumfukuza. Alipofika ya kumi, Shemeji akasema, "Nisamehe, dada."

"Kwangua," akasema Sindano. "Hiyo umeacha kichwa cha sindano."

Mbeleko mpya zilikwenda kiwandani zikiwa na njia pacha zake zilezile, na kabla ya kutumwa Shemeji mwenyewe ndiye aliyetoboa karatasi, Sindano amesimama nyuma yake. Ziliporudi, ubongo wa kwanza uliwaka. Kwenye skrini jicho la mlinzi, ambaye ndiye aliyejitolea, likaonekana ndani kote, jekundu, na mishipa yake yote. Watu walipiga makofi. Mzee wa Slaidi naye alipiga, tena kwa nguvu kuliko wengine, kisha akaomba picha ya mbeleko kwa ajili ya slaidi. Sindano akampa picha. Ya alama hakumpa, aliikata pembe ile kwa makusudi.

Jioni alimpelekea mama bodi moja. Mama aliinua miwani, akaisogeza karibu na dirisha, kisha akafumba macho, maana bado vidole vyake aliviamini zaidi. Akapapasa pembe ya chini mpaka akaipata.

"Iko," akasema. Akafumbua macho. "Wamekuomba radhi?"

"Mmoja."

"Yupi?"

"Yule aliyekata mikono miwili ya kushoto."

Mama akachukua futi yake ya kupimia, akaitundika shingoni. "Mlete nimpime, nitamshonea shati. Bosi wako sina kipimo chake. Yeye aendelee kuvaa lililojipinda."